Ramani Isiyojua Kimo

Shangazi aliingia katika biro ile, ofisi ya nyaraka za viwanja, na bahasha ya plastiki mkononi, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja tu: risiti ya kodi ya kiwanja, rangi ya chai iliyopoa, imekunjwa na kukunjuliwa hadi penye mikunjo pamekuwa matundu. Ndicho kitu pekee cha baba yake kilichookoka tarehe 17 Januari 2002, siku Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na lava ikashuka hadi katikati ya mji wa Goma. Siku hiyo watu walikimbilia Gisenyi na godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni. Shangazi alibeba vyote vitatu, na kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga risiti hiyo pamoja na noti mbili za zaire ambazo hata wakati ule hazikununua kiberiti.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, mama. Ikala kwanza."

Keti kwanza. Nilidhani ni adabu tu. Ilinichukua siku tatu kutambua kwamba ndiyo hatua ya kwanza ya kazi. Mtu aliyesimama huuliza dosye yake iko wapi. Mtu aliyeketi huanza kusimulia, na mzee yule alikuwa na haja ya masimulizi kuliko swali.

Ilikuwa mwaka 2019, msimu wa mvua. Jina la mzee silitaji, wala mlango wa biro yake. Mjini Goma watu husema "Kadasta" wakimaanisha shughuli zote za viwanja, lakini humo ndani mna kazi mbili. Wako wanaopima, majeometa wenye kanda na vigingi. Na yuko anayeandika haki, konsevateri wa hati. Wa kwanza hujua mahali, wa pili hujua mtu. Katikati yao, katika chumba kirefu chenye rafu za mbao na dirisha moja, hukaa mtunza nyaraka, kama mzee huyu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu na mahali pake havipotezani.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema neno moja kubwa: udongo wote ni mali ya Leta, yaani dola. Raia hanunui ardhi; hupewa haki ya kuikalia, na Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila kikomo cha miaka. Ushahidi wake ni sertifika, na sertifika huandikwa nakala mbili. Moja huenda nyumbani na mwenyewe. Ya pili hubaki ofisini, hufungwa katika kitabu kikubwa na kuwa ukurasa wake, na tangu hapo kiwanja kinakuwa na anwani mbili: ile ya mtaani, na ile ya nambari ya kitabu na nambari ya ukurasa. Utaratibu huu una asili ya mbali. Robert Torrens aliuanzisha Australia ya Kusini mwaka 1858, ukafika Kongo enzi za Léopold wa Pili, na tangu hapo umevuka bendera zote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema lolote juu ya daftari lenyewe kupotea. Hapo walipoishia wahenga ndipo mzee alipoanzia.

*

Alikwenda nje ya mlango kwenye beseni, akanawa, akafuta mikono mpaka katikati ya vidole. Makarani wengi hulowesha kidole kwa ulimi wakifunua kurasa. Sikumwona akifanya hivyo hata mara moja. Hakuivuta risiti kutoka kwenye bahasha. Alichukua mkasi, akaipasua plastiki pande tatu, akaifunua polepole kama mtu anayefunua majani ya chikwange ya moto. Kisha akapenyeza karatasi nyeupe chini ya risiti, akaweka nyingine juu, akaigeuza yote kwa pamoja. Alianza kuisoma upande wa nyuma.

Niliuliza kwa nini.

"Mbele pamechoka," alisema. "Jua limekula wino. Lakini karani aliyeandika alikuwa anabonyeza kalamu, kwa sababu chini kulikuwa na karboni na nakala mbili. Wino unaondoka, uzito wa mkono unabaki."

Akasogea dirishani, akaishika karatasi kwa ubapa hata mwanga ukaigusa kwa pembeni. Nikaona. Nyuma ya karatasi iliyokuwa tupu kukatokea matuta madogo, vivuli vya tarakimu zilizoandikwa kinyume. Alizisoma kutoka kulia kwenda kushoto bila kusita, kama mtu asomaye kwenye kioo kila siku. Herufi mbili, S na U, ambazo ndizo hutangulia nambari za viwanja vya mjini. Kisha tarakimu tatu. Ya nne ilikuwa imeanguka ndani ya tundu la mkunjo.

"Tumebakiza kumi," alisema. Alimaanisha kwamba tarakimu iliyopotea haina budi kuwa moja kati ya kumi, kwa hiyo viwanja vinavyowezekana ni kumi. Kwake hiyo ilikuwa habari njema.

Akarudi mezani akaanza kuitafutia risiti umri wake, kwa maana tarehe nayo ilikuwa imeraruka. Hapa nilimfurahia kama mtu anavyomfurahia daktari mzuri anapobonyeza tumbo la mgonjwa: hapa panauma? na hapa? Kichwa cha karatasi kinataja Jamhuri ya Zaire, basi si kabla ya Oktoba 1971, wala si baada ya Mei 1997. Malipo ni kwa zaire, na haikuandikwa zaire mpya, basi ni kabla ya Oktoba 1993, mwezi ambao zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Kiasi chenyewe ni zaire chache tu. Mwishoni mwa utawala wa Mobutu kodi ya kiwanja isingeweza kuandikwa kwa tarakimu mbili. Na jina la babu halina jina la ubatizo, basi ni baada ya Januari 1972, pale Mobutu alipoamuru watu waache majina ya Kikristo. Kwa hatua hizo nne, bila kuona tarehe, alikuwa amemfikia babu yangu kati ya mwaka 1972 na mwanzo wa miaka ya 80.

"Sasa mama," akamgeukia shangazi, "wakati wa Wabelgiji na mwanzo wa uhuru, papa alikuwa anaitwa nani?"

"Yosefu."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Aliandika kwa penseli. Kalamu ya wino haikuwepo kwenye meza ile, kwa sababu wino ukianguka juu ya hati umeshaanguka.

*

Ipo milango mitatu ya kumfikia mtu katika chumba kile. Mlango wa kwanza ni nambari, nao hupitia kwenye ramani. Wa pili ni jina, nao hupitia kwenye sanduku la fishi, vikadi vilivyopangwa kwa herufi. Wa tatu hauandikwi popote, nao ni jirani.

Mlango wa jina huwatega wengi. Mtu aliyepewa kiwanja mwaka 1969 aliandikwa kwa jina la ukoo na la ubatizo. Miaka mitatu baadaye jina la ubatizo likafutwa, akaongeza jina la babu yake, na pengine hilo jipya likaanza kutumika mbele. Baada ya 1990 wengine wakarudia ya ubatizo, wengine hawakurudia. Basi mtu mmoja ana fishi tatu katika herufi tatu, na watoto wake wakija na jina moja huambiwa hayupo. Mzee alipotafuta jina hakutafuta herufi. Alitafuta mtu, akimfuata kutoka fishi hadi fishi kama anayemfuata rafiki anayebadilisha koti njiani. Siku ya kwanza ilipokwisha alikuwa na fishi mbili za babu, moja ikiwa na Joseph na nyingine haina, na zote mbili zilikubaliana juu ya tarakimu ya nne.

Siku ya pili alikwenda rafuni mahali pa nambari ile. Kamba ilikuwepo. Jalada lilikuwepo. Ndani hamkuwa na kitu.

Shangazi alishika kifua. Mimi niliona aibu kwa niaba ya dunia nzima. Mzee akaligeuza jalada tupu, akaangalia mshono wake, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo uliokuwa umetanuka.

"Haiko hapa," alisema, "lakini iko."

Jalada ambalo halikuwahi kushika kitu, alinieleza, mgongo wake ni bapa. Hili lilikuwa limeshika karatasi nyingi kwa miaka mingi, na halikuraruliwa. Mwizi huchukua na jalada, maana ana haraka. Aliyetoa karatasi hizi alizitoa kwa utulivu, akaacha jalada kama alama ya mahali pa kurudishia, kisha hakurudi. Huyo si mwizi. Huyo ni karani aliyeitwa mara moja kwenda kula.

Akaketi tena mbele ya shangazi, na sasa akauliza maswali ambayo kwangu yalikuwa ya barazani. Nyumba ilitazama wapi? Uani kulikuwa na mti? Mvua ikinyesha maji yalikuwa yanakwenda upande gani? Shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijibu kwa neno moja moja, alianza kufunguka. Mti wa avoka. Njia iliyoteremka kuelekea ziwani. Mtaa wa Murara wa zamani, kabla ya lava, ambapo kutoka kwao hadi Birere ulikuwa unatembea huku unaongea na watu wa kila mlango. Upande wa chini aliishi fundi wa nguo, mwenye redio ya sauti kubwa.

"Papa yako na huyo fundi," mzee aliuliza taratibu, akitazama penseli yake, "walikuwa wanaelewana?"

Shangazi akacheka, akaficha uso kwa mtandio. Hawakuelewana. Bati la fundi lilikuwa linamwaga maji uani kwao. Babu alikwenda kumshtaki. Watoto walikatazwa kupeleka nguo kushonwa pale kwa mwaka mzima.

Mzee alikuwa ameshasimama. Kila karatasi ya upimaji hutaja viwanja vinavyopakana, alinieleza akitembea. Kwa hiyo hakuna kiwanja kinacholala peke yake, na ukikikosa kimoja unaweza kukifikia kwa majirani zake wote. Na majirani wakigombana juu ya mpaka, majalada yao huwekwa pamoja ili aamuaye asome yote mawili. Kesi ikiisha, mara nyingi hakuna wa kuyatenganisha. Alikwenda kwenye nambari ya fundi, akashusha furushi nene kuliko mengine, akalifungua, na katikati yake, chini ya barua mbili za malalamiko, dosye ya babu yangu ilikuwa imelala miaka yote hiyo ubavuni mwa mtu aliyemnunia.

Kama mzee angeanza na swali la nambari tu, tungeondoka na jalada tupu. Aliipata kwa sababu ya maji ya bati.

*

Kusubiri kwingi katika chumba kile kulinipa nafasi ya kuangalia anavyoishi na karatasi. Goma si mji rafiki kwa karatasi. Ziwa huleta unyevu. Vumbi jeusi la mawe ya volkano hupenya kila ufa, na ni vumbi lenye meno, likisuguliwa hukwaruza. Moshi wa mlima huichachua mvua hata ikala mabati, na bati likitoboka, chini yake ndiko rafu zilipo. Mzee alifagia jalada kwa burashi ya kunyolea ndevu, daima kutoka kwenye mshono kwenda nje. Pini na vibanio vya chuma alivitoa kimoja kimoja kwa ukucha na kuvitia kwenye kopo la maziwa, kwa kuwa chuma hupata kutu na kutu hutoboa kurasa tano kwa pamoja. Mpira wa kufungia hakuutaka kabisa. Huo hukauka, kisha huyeyuka, kisha hugandana na hati. Alifungia kwa utepe wa pamba aliokata mwenyewe kutoka kwenye mashuka makuukuu, na fundo lake lilikuwa la kuvuta mara moja likafunguka. Kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili lazima uwe umeshika karatasi.

Droo ya juu ya meza yake ilikuwa na kaye, daftari la shule la kurasa mia moja, na hilo ndilo lililonifanya nitake kuandika makala haya. Kila ukurasa ulikuwa na kashe moja, mhuri mmoja, uliopigwa au kunakiliwa kwa mkono, na chini yake mwaka ulipoanza kutumika, mwaka ulipoachwa, na kasoro zake. Huu una ufa kwenye herufi R tangu ulipoanguka. Huu wino wake ulikuwa wa zambarau, haukuwahi kuwa wa buluu. Mihuri ya Zaire, ya Kongo ya 1997, ya miaka ya waasi wa RCD walioutawala mji huu kuanzia 1998 hadi 2003 na kutoa hati zao, kisha ya Kongo tena. Mtu akizifunua kurasa hizo haraka huona historia ya Kivu ikipita bila risasi hata moja: tawala zinakuja, na jambo la kwanza kila utawala unalobadilisha ni mhuri.

Siku hiyo ya pili aliingia bwana mmoja wa heshima, ana sertifika safi iliyofunikwa plastiki ngumu, ya mwaka 1984. Alitaka tu kuthibitishiwa. Mzee aliisoma kwa muda mfupi kuliko alivyosoma risiti yetu mbovu, akamrudishia kwa mikono miwili. "Papa, kabla hujalipa tena mahali popote, muulize vizuri aliyekuuzia." Bwana akatoka ameduwaa.

Alipokwisha kwenda mzee akaniambia, bila kicheko, "Karatasi ile imezaliwa kabla ya mama yake."

Kichwa cha hati kilisomeka Région du Nord-Kivu. Lakini mwaka 1984 Kivu ilikuwa mkoa mmoja, makao yake Bukavu. Goma ilikuwa chini ya mkoa mdogo, sous-région, na neno sous lilitangulia katika kila barua. Kivu haikugawanywa katika sehemu tatu, yaani Kaskazini, Kusini na Maniema, mpaka 1988. Tena hati ilitaja komini ya Karisimbi, wakati Karisimbi ilizaliwa mji ulipopewa hadhi yake mwishoni mwa muongo ule, na zamani za Mobutu hata komini zenyewe ziliitwa zoni. Mwandishi wa hati ile alikuwa na karatasi nzuri, mashine nzuri, sahihi nzuri. Alichokosa ni neno moja dogo la herufi nne.

Hapa inafaa kueleza kwa nini jicho hilo lina thamani. Kwa sheria ya 1973 sertifika ikitimiza miaka miwili haitikisiki tena. Anayedhulumiwa atadai fidia, kiwanja hakirudi. Kwa hiyo mwongo hahitaji kushinda hoja. Anahitaji miaka miwili ya kimya. Katika mkoa ambao mashamba yake yaligawiwa na Kamati ya Taifa ya Kivu ya Wabelgiji kuanzia 1928, yakachukuliwa tena na kugawiwa vigogo baada ya tangazo la Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, kisha yakakimbiwa na kurudiwa katika vita baada ya vita, mtu anayeweza kuvunja kimya hicho kwa kusoma kichwa cha barua ni askari wa aina yake. Hapigi kelele. Hamwiti mtu mwizi, kwa sababu aliyeshika hati ya uongo mara nyingi ndiye aliyeibiwa.

*

Siku ya tatu alitutandazia ramani.

Ilikuwa kalke, ile karatasi ya kupenyeza mwanga, imechorwa kwa wino mweusi wa kalamu nyembamba, na sentimita moja yake ilikuwa mita 10 za ardhini. Mchoraji wake hatujui. Mistari yake haikutetemeka popote, na kwenye kila kona ya kiwanja aliweka duara dogo kuliko punje ya mtama: hapo ndipo borni lilipo, jiwe la mpaka. Mzee aliweka rula bila kuikandamiza. Akasoma urefu wa upande, akaulinganisha na karatasi ya upimaji. Akasoma wa pili. Ilipofika upande wa fundi palikuwa na tofauti ya sentimita arobaini, na akatabasamu: ndiyo ile kesi ya bati, imeandikwa kwa lugha ya vipimo.

"Nyumba ya baba," shangazi alisema, akielekeza kidole bila kugusa, "iko chini ya mawe, papa. Hata hizo borni ziko chini ya mawe. Hii ramani ni ya mji uliokufa."

Mlima una watunza kumbukumbu wake pia. Kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, kilichoanzishwa mwaka 1986, huandika kila mtetemo, na mwanzoni mwa 2002 mtafiti Dieudonné Wafula alikuwa na vituo viwili tu vya kunasa mitetemo vinavyofanya kazi, lakini kutoka kwenye mistari ile michache alisoma kwamba mlima unajiandaa, akaonya. Wao husoma kinachotoka chini kuja juu. Siku ile lava ilipita kwenye nyufa zilizoshuka hadi karibu na Munigi, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala kanisa kuu na maduka, ikaingia ziwani. Asilimia 13 hivi ya mji ililala chini ya mwamba, mahali pengi kwa unene wa mita mbili.

Mzee alimsikiliza shangazi hadi mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya meza, kando ya kalke, akakiinua juu polepole, akakishusha.

"Mama, angalia karatasi hii vizuri. Ina urefu, ina upana. Umeona mahali ina kimo?"

Hakuna aliyejibu.

"Haina. Aliyechora hakuandika juu wala chini. Lava imeongeza kimo tu. Urefu haijagusa, upana haijagusa. Kiwanja cha papa yako ni kilekile."

Nimeishi Goma miaka mingi na nimesikia watu wengi wakieleza lava: wachungaji, wanasayansi, wanasiasa, wachukuzi wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wakingoja mzigo. Sikuwahi kusikia maelezo yenye amani kama yale, na yalitoka kwa mtu aliyekuwa anaeleza rula. Ustadi wake wote nikauona hapo kwa mara moja. Alikuwa amejifunza kila karatasi inajua nini na haijui nini. Risiti ilijua uzito wa mkono wa karani. Hati ya bwana yule haikujua mwaka wake. Ramani haikujua kimo, na kwa kutokujua huko ilikuwa imeokoka moto.

*

Wiki iliyofuata jeometa alikuja Murara na nakala ya vipimo. Hakuanzia kwenye kiwanja, maana pale hapakuwa na cha kuanzia. Alianzia mbali, nje ya njia ya lava, penye mawe mawili ya mpaka yaliyosalimika, akaja hatua kwa hatua, kona kwa kona, akipima kutoka kwa aliyebaki kwenda kwa aliyefunikwa. Ni hesabu ileile ya mzee: ukikikosa kiwanja, kiulizie kwa majirani. Mwamba ulikataa vigingi vya mbao, ikabidi kijana wake apige patasi ili chuma kishike. Watoto walikusanyika. Chukudu mbili zilizobeba viazi zikasimama kutazama.

Tangu siku ile yametokea mengi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulimwaga tena, na lava ikasimama Buhene, kwenye kingo za mji. Januari 2025 vita vikaingia mjini, na kwa mara nyingine mihuri ikabadilika. Kila nikisikia habari za namna hiyo, baada ya kuwawaza watu wa nyumbani, hulifikiria lile kaye kwenye droo ya juu, na fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Siku tulipokwenda kuchukua nakala zetu nilimwona akiitenganisha dosye ya babu na ya fundi baada ya miaka kama arobaini, akairudisha kwenye jalada lake tupu. Kabla ya kufunga aliandika kwa penseli, upande wa ndani: imetoka kwa jirani, na tarehe. Nikamuuliza anamwandikia nani. "Atakayekuja kukuta mimi siko," alisema, kama mtu anayetaja mteja mwingine tu kwenye foleni.

Lakini siku ya vigingi mzee hakuwepo; yeye haendi viwanjani. Chuma cha nne kilipokaa, shangazi alivua viatu, akaingia ndani ya mipaka ile akatembea juu ya mwamba mweusi, akihesabu kwa midomo. Akapita mahali pa mlango. Akakata kushoto. Akasimama. Nikamuuliza kama anaweza kukisia jiko lilikuwa wapi.

Akapiga mwamba kwa kisigino, mara mbili.

"Jiko liko hapahapa," alisema. "Ni mimi nimepanda."